Nishani ya Jogoo

Inatangazwa kwa heshima na taadhima kwamba Ndugu Mkuu wa Loji ya Wafrimasoni atatunukiwa Nishani ya Utumishi, kwa miaka arobaini ya kuutumikia udugu, jamii na kanisa. Wananchi wafike ukumbi wa kanisa mapema, wakiwa wamechana nywele, wala wasiulize maswali.

Utumishi wenyewe haukuwa wa mchezo. Kwa udugu, alikalia kiti kikubwa. Kwa jamii, alizindua benchi la kituo cha basi, na lilipovunjika akazindua vipande. Kwa kanisa, alikaa mstari wa mbele akikohoa, ili kwaya ijue pa kuanzia. Nishani hiyo aliitamani hadi akaiota. Msumari wa kuitundikia alishaupigilia sebuleni.

"Baba watoto, kitendawili," mkewe akasema, akimkabidhi mkoba.

"Tega upesi, nachelewa."

"Ndugu wawili, kamba moja ya nguo: mmoja hufanya kazi, mwenziwe husifiwa."

"Nitakujibu nikirudi na nishani yangu."

Mkobani ilipaswa kuwemo aproni nyeupe ya Loji, ambayo mkewe alikuwa ameifua. Ikumbukwe kwamba aproni ya Loji haivaliwi ovyo kama soksi. Kwa kanuni aliyoitunga Ndugu Mkuu mwenyewe, hufungwa macho yamefumbwa, kwa unyenyekevu, kisha kidevu huinuliwa juu mpaka shughuli iishe. Na ni marufuku kumuuliza ndugu habari za aproni yake.

Basi alipofika Lojini akafumba macho, akaifunga. Akasikia harufu ya vitunguu, akadhani ni ya Katibu. Ndugu wote wakatoa macho: tumboni pa kiongozi wao palisimama jogoo mwekundu wa kuchorwa, kando yake doa la mchuzi, na mfukoni umechomoza mwiko.

"Umeona jogoo?" Mweka Hazina akanong'ona.

"Nyamaza wewe. Jogoo ni alfajiri, alfajiri ni mwanga," akajibu Katibu.

"Na lile doa?"

"Upako."

"Na mwiko?"

Katibu akainua kidevu juu zaidi. "Hayo ni mambo ya wakubwa."

Kamati ya dharura ikakaa palepale na kupitisha Daraja la Jogoo kwa kauli moja. Kisha wakaandamana kwenda ukumbini, videvu juu, wawili wakijikwaa ngazini.

Mlangoni alisimama mama mkuu wa jiko la kanisa, mikono kiunoni.

"Wewe mwenye jogoo! Wenzako wako zamu tangu asubuhi, ndiyo kwanza unafika?"

"Mama, mimi ndiye Ndugu Mkuu."

"Na mimi dada mkubwa, tena mguu unaniuma. Sufuria zile kule."

Hapo ndipo Ndugu Mkuu alipoinamisha kidevu. Akamwona jogoo. Aivue aproni? Kanuni, ambayo pia aliitunga mwenyewe, inasema avuaye aproni kabla ya nishani ameikosa nishani milele. Akaufikiria ule msumari. Akashika sifongo.

"Ibada ya daraja jipya!" Katibu akapaza sauti. Ndugu wote wakakunja mikono ya mashati. Majirani, walioapa miaka yote kwamba watu hawa hufuga majoka, waliwakuta wakigombania steelwire ya kusugulia sufuria.

Mchungaji alipofika, machozi yalimlengalenga. "Kumbe utumishi ndio huu!" Akaibandika nishani papo hapo, juu ya kilemba cha jogoo.

Shida ni moja tu. Kwa kanuni za Loji, nishani haibanduki kwenye aproni ilikobandikwa. Na kwa kanuni za mkewe, aproni ya jogoo haitoki jikoni. Msumari wa sebuleni uling'olewa jioni ile ile, ukapigiliwa juu ya karai la vyombo.

"Jibu ni aproni mbili, ya jikoni na ya Loji," Ndugu Mkuu akasema kinyonge.

"Umepata, baba watoto."

"Basi niivae kidogo. Kuna wageni wanakuja kuiona nishani."

"Ivae tu," mkewe akasema, akivuta kiti akae. "Anza na glasi, zisije zikanuka mafuta."