Bibi Harusi wa Mbao

Jumatatu, 10 Juni
Siku ya tisa ya msimu, kileleni mwa mlingoti. Macho yameiva kwa jua, nduwaro, samaki wetu wa pua ya upanga, hakuna! Hata mmoja! Mzee Santo, nahodha wetu, kaniambia mbele ya wote: Ijumaa ikipita bila samaki nashuka, anapanda Placido. Placido mrusha chusa! Alicheka hadi akakohoa. Baba alikaa kiti hiki cha mlingotini, na babu kabla yake. Nikishuka nitapitaje kijijini kwetu Ganzirri? Sishuki.

Jumanne, 11 Juni
Nimewaza. Mchana nduwaro yuko chini gizani, anawinda ngisi. Macho na ubongo wake vina joto, ndiyo maana baridi haimlazi. Akishiba hupanda kuota jua, akitaka. Hataki! Ila Juni ni mwezi wa mapenzi. Dume akimpata jike hamwachi, hata jike akichomwa. Ndiyo maana sisi humpiga jike kwanza. Kumbe kinachokosekana ni jike tu! Nimeng'oa mlango wa kabati la mama.

Jumatano, 12 Juni
Nachonga jike. Upanga wa pua, mita nzima. Macho makubwa. Magamba mia tatu, moja moja, kwa patasi! Mrembo. Mama kauliza mlango uko wapi. Nimesema kwa fundi.

Ijumaa, 14 Juni
Alfajiri, kwa siri, nilimzamisha bibi harusi kidogo tu, nikamfunga jiwe asichukuliwe na mkondo. Saa nne, Bikira Mtakatifu, kivuli! Dume wa kweli, kando yake! Nikapiga ukelele. Injini ikapunguzwa mwendo. Placido akanyanyua chusa. Hapo ndipo moyo ukanipasuka: wote wameona wawili!

Nikalia toka juu wampige dume. Dume!

“Umerogwa, Letterio?” Placido akajibu. “Jike kwanza! Hata mtoto wa kunyonya anajua!”

Ko! Chusa kikazama kwenye mlango. Akavuta. Hakitoki. Dume akazunguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Wakavuta wote. Bawaba ya kabati ikaibuka kwanza. Dume akapiga mkia, akashuka zake.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Mzee Santo akamkwangua bibi harusi msalaba kwa kucha, pembeni mwa jicho, kama tumfanyiavyo kila samaki kwa heshima. Kisha akanitazama.

“Mwanangu, miaka kumi na mbili mlingotini. Umewahi kumwona nduwaro mkubwa mwenye magamba?”

Jumamosi, 15 Juni
Nasugua sitaha. Placido yuko kwenye kiti cha baba. Kabla ya saa tatu kaona wawili, jike na dume, wote wamepatikana. Nililia. Nikasema ni chumvi. Mama hasemi nami. Nguo zake zote ziko wazi kwa wageni.

Lakini usiku kucha nimejichunguza, na kosa langu nimelijua. Magamba! Dume alizunguka mara tatu. Bila magamba angekuwa bado anazunguka. Wakubwa hawana magamba, hawana meno, ngozi laini tupu. Kazi ndogo kabisa.

Kabati lilikuwa na milango miwili.