Bunduki Zote Zinapiga Juu Kulia

Leo nimevuliwa nguo mbele ya askari wangu mwenyewe.

Mnanijua. Shule niliiacha darasa la tatu, kampuni ya ulinzi nimeijenga kwa mikono hii. Leo Hajji mmoja wa Busia, mwenye godauni la mchele, alikuwa anakuja kwenye machimbo ya mawe huku Molo, upande wa Uganda, kuona askari wangu wakipiga shabaha. Wakipiga vizuri, kulinda godauni ni kazi yetu.

Asubuhi nikawahi na Owere, askari wangu wa siku nyingi, tupige ziro: unafyatua, unaona risasi imetoboa wapi, unarekebisha saiti, kile chuma cha kulengea, mpaka risasi ifike unapolenga. Nikafyatua mwenyewe bunduki ya kwanza, chini kushoto. Ya pili, chini kushoto. Zote.

"Mzee," Owere akasema, "bunduki yote nagonjwa ugonjwa moja?"

"Mnazibeba kwa boda kama kuni. Ulitegemea nini?"

"Kila mtu apige ziro yake, Mzee. Jicho si moja."

"Nimeanza kulenga kabla mama yako hajaolewa." (Kweli. Sikusema nilikuwa napata nini.)

Saiti ya mbele hufuata kosa. Risasi ikienda kushoto, unaisukuma kushoto. Ikienda chini, unaishusha. Hapo sikosei. Nikasukuma, nikashusha, nikafyatua. Zote katikati. Nikajiona daktari.

Hajji akafika, akaketi juu ya jiwe. Auma, binti niliyemfundisha mwenyewe kushika bunduki, akaanza. Juu kulia. Owere, juu kulia. Wenzao, juu kulia. Boksi la sabuni tulilolenga likatoboka kona moja tu, kama lililoliwa na panya.

Hajji akauliza polepole, "Nani alizirekebisha hizi?"

Nikanyakua bunduki ya Auma. "Tatizo ni hawa. Tazama." Katikati. Nikamgeukia nikitabasamu (Mungu anisamehe lile tabasamu). "Nirudie?"

"Rudia."

Nikalenga, nikavuta. Ka. Risasi zilikuwa zimeisha. Lakini mdomo wa bunduki ukainama chini kushoto, kama kuku anayedonoa mahindi.

Kila mtu aliona.

"Mzee," Hajji akasema, "hata bila risasi unaogopa?"

Basi ndiyo hivyo. Miaka yote hii nashtuka kabla bunduki haijalia, na leo nilikuwa nimezipinda saiti zote zifuate woga wangu. Auma ndiye aliyeanza kucheka.

Wakazirudisha saiti zilipokuwa, kila mtu na yake. Wakatoboa katikati mpaka boksi likaanguka.

"Kazi nimewapa," Hajji akasema. "Ila wewe, Mzee, kwangu uje mikono mitupu, bila bunduki."

Kampuni ni yangu. Jina langu liko kwenye mashati yao. Anayetaka kucheka avuke mpaka kwanza, akachekee Kenya.