Koti Jeupe Magomeni

Seifu alipogundua kuwa wanafunzi wa Kariakoo wanatafuna vidonge vya maumivu, vile vikali wanavyopewa waliotoka kupasuliwa, na kushushia kwa soda, hakusikitika hata kidogo. Aliona biashara. Akawa anawauzia nje ya shule, na mzigo ulipomwishia akakumbuka kwamba nyumba nyingi za Magomeni hazikosi dawa zilizobaki kabatini. Basi akanunua koti jeupe, akajipachika udaktari, akaanza kupiga hodi.

"Tunakusanya dawa zilizobaki, mama. Zikiwafikia watoto ni balaa." Hilo ndilo neno pekee la kweli alilosema siku hiyo, na alilisema kwa huruma hadi mama mmoja akamletea maji ya baridi.

Kufika mchana mkoba wake wa dawa ulikuwa umetuna. Akabisha hodi nyumba ya mwisho, kwa Bi Swaumu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, daktari. Mungu kakuleta! Mjukuu wangu Shaima alivunjika mkono. Mkono umepona, vidonge hataki kuviacha. Mtihani huu hapa, yeye kutwa kulala. Lete mkoba niufungie ndani asiuone." Akampokonya kabla hajajibu, akauingiza chumbani, na kwa furaha akasahau kufunga mlango, akapaza sauti uani: "Jamani, daktari wa bure!"

Hapo Seifu akajua alipokosea. Huvai koti jeupe uswahilini ukapita salama. Wakaja wenye magoti, wakaja wenye presha, akaja pia mzee Anuari mwenye bawasiri, ambaye bila aibu alishaanza kulegeza msuli aliojifunga kiunoni.

"Funga, mzee wangu, funga! Bi Swaumu, naomba mkoba wangu!"

Mkoba ukatoka mtupu, mikononi mwa Shaima. Seifu akamtambua. Binti huyo alikuwa mteja wake.

"Bibi, ndiye huyu anayetuuzia pale shuleni. Nimemwaga vyote chooni." Akafumbua kiganja: vidonge viwili. "Hivi vimenishinda kumwaga. Nichukulie, bibi."

Bi Swaumu akavichukua, akamkumbatia mjukuu wake, akalia mbele za watu wote.

"Nampeleka hospitali sasa hivi, kwa daktari wa kweli," alisema. "Huyu kaeni naye mpaka polisi waje."

Seifu aligeukia mlango. Mzee Anuari alikuwa ameshavuta kigoda mpaka kizingitini, akaketi juu yake polepole, meno ameyauma. Aliumia sana, lakini alikaa.