Ukumbi wa Mtakatifu Anna Wafunguliwa Rasmi

Baba Padri, ambaye umevaa kanzu tangu saa tatu ukisubiri nimalize, Mheshimiwa mimi mwenyewe, Daktari Elphas Mabonga, Mkurugenzi wa Kurugenzi ya Uratibu wa Sikukuu na Masuala ya Watakatifu, naibu wangu, naibu wa naibu wangu, dereva wangu, ambaye leo ni kaimu naibu, Mzee Kipyego, katekista na mwenye shamba hili, Mama Nekoye, mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna hapa Langas, kwaya, Jerop na Vivian mlioshika utepe, na tafadhali msiulegeze, wageni waalikwa mlio chini ya tenti, na wananchi wapendwa mlio kwenye nyasi, itifaki yote imezingatiwa. Tumsifu Yesu Kristu! (Milele na milele, amina.) Hiyo ni sauti ya watu ambao hawajakunywa chai. Tumsifu Yesu Kristu! (Milele na milele, amina. Baba Padri anaangalia mawingu.)

Ndugu zangu, nimesimama hapa leo, tarehe ishirini na sita Julai, sikukuu ya somo wenu Mtakatifu Anna, nyanyake Bwana wetu Yesu, nikiwa mtu mnyenyekevu, pengine mnyenyekevu kuliko wote katika idara yetu, na cheti cha unyenyekevu huo kiko ukutani ofisini, ili niwafungulie rasmi ukumbi wa kisasa, state of the art, wa watu mia tatu, kama mnavyouona wenyewe hapo nyuma yangu kwenye bango. (Makofi chini ya tenti. Walio kwenye nyasi wanatazama bango la turubai, refu kama lori. Lina picha ya jumba la vioo, minazi miwili na bwawa la kuogelea. Nyuma ya bango kuna mahindi ya Mzee Kipyego.) Naona mnaulizana kuhusu bwawa. Lile ni la maji ya baraka.

Tukumbuke tulikotoka. Kwa miaka ishirini na moja mlisherehekea Anna wenu ndani ya kibanda cha mabati mlichojenga wenyewe, kila mama akileta bati lake, na kila Julai mvua ikinyesha mnakaa mle ndani, nyanya wote wa mtaa wanaketishwa mbele, na wajukuu ndio wanaowapikia chai siku hiyo moja kwa mwaka. Ofisi yangu iliona uchungu sana. Tukasema, nyanyake Yesu akae chini ya mabati kama kuku? Ndipo tukawaagiza, mwezi wa tatu, mbomoe kibanda ili contractor aingie, na nyinyi mlibomoa kwa siku moja, kwa kasi ambayo sijaiona kwa mradi wowote katika utumishi wangu, mpaka nikaiweka kwenye ripoti kama Phase One, imekamilika asilimia mia. (Mama Nekoye anasema, si kwa sauti kubwa, kwamba kile kibanda kilikuwa hakivuji.) Asante, Mama Nekoye, kwa hiyo public participation.

Baada ya hapo hatukulala. Kwanza ilibidi tumsajili mhusika, kwa sababu huwezi kumjengea mtu ukumbi kama hayuko kwenye system, hata awe mtakatifu namna gani. Tukaleta fomu, na Mama Nekoye akaijaza kwa mwandiko safi wa kialimu. Jina, Anna. Mume, Yoakimu. Kazi, mama wa nyumbani. Mtu wa karibu wa kuarifiwa, mjukuu, Yesu. Sasa afisa wangu, kijana mchapa kazi, akaona mjukuu hana namba ya simu wala makao ya kudumu katika wadi hii, akairudisha fomu, na kwa mujibu wa kanuni alikuwa sahihi. Ikajazwa ya pili. Hiyo ikarudi kwa kuwa mwombaji hakufika mwenyewe kupigwa picha. (Kicheko kwenye nyasi. Chini ya tenti wanaandika.) Msicheke, sheria ni msumeno.

Halafu faili likapotea. Hapo ndipo mtajua uongozi ni nini. Niliwaandikia Jumuiya ya Mtakatifu Antoni kule Turbo, kwa kuwa Antoni ndiye wa vitu vilivyopotea, wakasali novena siku tisa, na siku ya tisa faili likaonekana juu ya kabati, mahali ambapo tulikuwa tumetafuta mara nne. Huo ni muujiza, na naomba isisahaulike kwamba bila ofisi yangu kulipoteza, muujiza wenyewe haungetokea. (Makofi chini ya tenti.) Zaidi ya hayo, maafisa kumi na wanne tuliondoka kwenda Roma kwa benchmarking, tukafika Dubai, na tulijifunza mengi. Kwa ufupi, tangu nichukue ofisi, watakatifu tuliowahudumia wameongezeka kutoka sifuri hadi mia mbili na kumi na nne, na hakuna hata mmoja aliyeleta malalamiko kwa maandishi.

Sasa nitangaze sera mpya. Nimegundua watakatifu hawana mpangilio. Yosefu anataka Machi, Isidori wa wakulima anataka Mei, watu wako shambani wanapalilia, na Anna anangoja Julai, mvua ndiyo hiyo. Kwa hivyo, kwa ajili ya harmonization, wote wamesogezwa hadi Alhamisi ya pili ya Oktoba, saa tano hadi saa saba, na hapa niwapongeze Petro na Paulo, ambao walikubali kugawana siku moja hata kabla ofisi yangu haijaundwa. (Minong'ono. Mzee Kipyego anavua kofia, anaikung'uta, anaivaa tena. Mama Nekoye anakuja mpaka mbele ya tenti.

“Mheshimiwa,” anasema, “nyanya zetu wamekaa kwenye nyasi tangu asubuhi. Mama Nanzala ana miaka tisini na moja. Tulibomoa kwa sababu ulituambia. Anna hasogezwi, siku yake ni leo, na mvua ndiyo hiyo inakuja. Tuonyeshe mlango tuingie.”)

Swali zuri sana hilo. Mlango uko Phase Four. Tusirukie mambo. Anna juu! (Juu, chini ya tenti.) Watakatifu juu zaidi! (Juu.) Ukumbi wetu? (Tone la kwanza la mvua.) Maendeleo hayana mwisho, na mengine, ndugu zangu, hayana hata mwanzo!

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Mzee Kipyego kwa shamba, na namhakikishia aendelee kupanda mahindi yake mwaka huu, mwaka ujao na ule mwingine, hakuna atakayemsumbua. Nawashukuru Jerop na Vivian kwa kushika utepe saa mbili nzima, mmoja huku, mwingine kule, maana hatukuwa na kitu kingine cha kuufungia. Namshukuru aliyechapa bango, ambaye ndiye contractor pekee aliyewahi kufika kwenye site. Na bango hilo lisiguswe, kwa kuwa picha yenyewe tuliitoa kwenye kalenda ya hoteli kule Dubai, na ndiyo yote iliyopo. Tenti naondoka nayo, inahitajika kule Plateau saa nane, kuna ukumbi mwingine nafungua. Mungu awabariki.

(Anakata utepe. Tenti inakunjwa, magari yanaondoka, mvua inashuka. Mama Nekoye anang'oa bango, Jerop na Vivian wanashika ncha, Mzee Kipyego anakata milingoti kwenye ua wa shamba lake, na vipande viwili vya utepe vinafungia pembe za bango juu ya milingoti. Nyanya wanasogezwa chini yake, wajukuu wanaleta birika. Baba Padri anaanza Misa. Picha imeangalia chini. Mama Nanzala anainua macho, anaona bwawa la kuogelea juu ya kichwa chake, anaomba asogezwe kidogo.)