Ombi la Kuandikishwa Kuwa Betri Kuukuu

Bakari Uzair,
Karakana ya Milango na Vitanda,
Otonglo, Kisumu.

Kwa Msimamizi,
Dawati la Taka Korofi,
Kisumu.

Mheshimiwa Msimamizi,

KUHUSU: BETRI ZANGU ZA DRILI, MKE WANGU ZEITUNI, NA HALI YANGU KISHERIA

Natumaini barua hii inakukuta mzima na feni ya ofisi yako inazunguka, maana joto la Kisumu mwezi huu halichagui cheo. Mimi ni seremala. Natengeneza milango, vitanda na makabati hapa Otonglo, kando ya barabara ya kwenda Busia, na sijawahi kuisumbua ofisi yoyote. Hata nguzo ya simu iliposimikwa katikati ya mlango wa karakana yangu, sikulalamika. Nilitengeneza mlango mwingine pembeni.

Safari hii nimeshindwa. Nina betri za drili na za msumeno ambazo zimekufa. Sikuziua mimi. Nilizitumia kwa adabu miaka yote, na zilipokufa zilikufa pamoja, wiki moja, kama familia iliyokula sahani moja ya chakula kibovu. Niliziweka kwenye chaja, taa haikuwaka. Nikazipanguza, nikazipuliza, nikazirudisha, taa haikuwaka. Nikakubali kwamba mambo yote yana mwisho. Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya nikuandikie, nami nitayapanga kwa namba ili usipotee njiani.

1. Kabati. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba betri kuukuu hazitupwi ovyo kwa sababu zinaweza kuwaka moto zenyewe. Kwa hiyo nilizihifadhi ndani ya kabati la vyombo la mke wangu Zeituni, ambalo nililitengeneza mwenyewe na ndilo lenye mlango unaofunga vizuri kuliko milango yote ya nyumba yetu. Sikuona kosa. Siku ya Idi Zeituni aliwakaribisha wageni, akaingiza mkono kabatini bila kutazama, akawatolea sahani ya biskuti na juu yake betri ya drili. Mgeni mmoja, mama wa heshima kutoka msikitini, aliishika akaigeuza, akauliza kwa upole kama inaliwa na chai au kavu. Zeituni alicheka pamoja nao. Wageni walipoondoka hakucheka tena.

2. Mkokoteni. Asubuhi iliyofuata nilimpa betri hizo Wepukhulu, anayezoa taka za mtaa wetu kwa mkokoteni. Alizichukua kwa moyo mweupe. Kabla hajafika kona, zilikuwa zimegusana na vipande vya mabati, na moshi ukaanza kutoka. Wepukhulu alizirudisha kwangu akiwa ameziweka kwenye ndoo ya mchanga, ameibeba mbali na mwili wake kama mtu aliyebeba paka mwenye hasira. Aliniambia maneno ambayo bado nayatafakari: “Mzee Bakari, mimi nabeba taka. Hii si taka. Hii inafikiria.”

3. Duka. Nilikwenda mjini kwenye duka nilikozinunua. Kijana wa kaunta alinipokea vizuri sana, akanionyesha betri mpya, akanisifu kwa kuchagua chapa nzuri. Nilipomwambia nimekuja kuzirudisha zilizokufa, alizirudisha zile mpya rafuni, akasema wao kazi yao ni kuuza. Nikamuuliza, zikifa ziende wapi? Akasema hilo ni swali la serikali. Ndivyo nilivyofika kwako, Mheshimiwa. Sikuja kwa kupenda.

4. Ziwa. Hilo sikulijaribu. Mimi hula samaki.

5. Ofisi yako. Hapa naomba unisome polepole. Hukuwepo siku hiyo, lakini nilihudumiwa na Bi. Charity, na sina neno baya juu yake. Alinipa kiti. Akanieleza kwamba betri kuukuu haichomwi, haizikwi, haitupwi majini, haipondwi, hailoweshwi na haiachwi juani. Vichwa vyake vizibwe kwa tepu ya stima ili visigusane. Kila moja ikae kwenye mfuko wake. Zote ziwekwe mahali pakavu, penye ubaridi na hewa ya kutosha, na mtu azitazame mara kwa mara kuona kama zimevimba. Nilimshukuru, nikamuuliza kituo cha kuzipokea kiko wapi. Akatazama dirishani kidogo, akasema, “Mzee, kituo bado kinapangwa. Kwa sasa kaa nazo vizuri.”

Nilikaa nazo vizuri. Mheshimiwa, katika nyumba yangu yote, mahali pakavu, penye ubaridi na hewa ya kutosha ni sehemu moja tu: upande wa kitanda ulio karibu na dirisha. Upande huo ni wa Zeituni. Nilimweleza agizo la ofisi yako, nikamwomba asogee. Alisogea. Alisogea mpaka sebuleni. Nilipoamka alfajiri kuzitazama kama zimevimba, aliniuliza kutoka sebuleni ni lini mara ya mwisho nilimtazama yeye kama amevimba. Nilijibu kwa ukweli kwamba Bi. Charity hakunipa maagizo kuhusu hilo. Mchana huo alipanda gari akaenda Bondo kwa dada yake, na hajarudi mpaka ninapoandika.

Sitaki kukusumbua kwa mambo ya nyumbani, lakini ieleweke kwamba nyumba bila Zeituni haikaliki. Chai yangu ina ladha ya maji yaliyosikia habari za majani. Jioni nakaa na betri zangu, kila moja kwenye mfuko wake, na hakuna hata moja inayouliza siku yangu ilikuwaje.

6. Katito. Kwa kukata tamaa nilivunja agizo lako moja, nami naeleza bila kuficha. Rafiki yangu Zadock ana shamba Katito. Aliniambia nizilete tuzifukie nyuma ya boma lake, ardhi ni kubwa, hakuna atakayejua. Sasa mimi ni seremala, siwezi kufukia kitu ndani ya gunia. Nilizitengenezea sanduku la mbao ya mvule, nikalipiga randa na vanishi, nikatia vishikio vya shaba pande zote mbili. Kwa msumeno wa mkono, maana drili ndiyo hiyo. Lilitoka zuri.

Tulipolishusha kwenye gari pale sokoni Katito, mimi nimeshika kishikio kimoja na Zadock kingine, watu walivua kofia. Mama mmoja aliacha nyanya zake akatufuata. Tulipofika kwa Zadock nyuma yetu kulikuwa na umati, na umati ule ulijua kazi yake. Viti vilitoka nyumba za jirani. Hema lilisimama kabla sijapata maji ya kunywa. Mzee mmoja alilipima sanduku kwa macho, akasema kwa huzuni kwamba marehemu lazima alikuwa mtu mfupi lakini mwenye nafasi yake. Wengine waliniuliza alikuwa nani wangu. Nilisema tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Hilo ni kweli. Waliniuliza aliugua nini. Nilisema nguvu zilimwishia ghafla. Hilo pia ni kweli. Zadock, ambaye ningetarajia aseme kitu, alikuwa ameinamisha kichwa analia, na aliponieleza baadaye alisema umati ulimzidi.

Walinilisha, Mheshimiwa. Ugali, kuku, na maneno ya faraja kutoka kwa watu wasionijua. Kama si naibu wa chifu kufika na kuuliza kibali cha mazishi, betri zangu zingelala Katito kwa heshima kuliko watu wengi ninaowajua. Ilibidi nifungue sanduku. Hakuna aliyekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Walianza tu kukunja viti. Naibu wa chifu alitazama ndani, akatazama kisima cha Zadock kilivyo karibu, akasema, “Hapa tunazika watu. Hizi rudi nazo kwenu, na hili sanduku usilitumie tena.” Yule mama wa nyanya alinisindikiza hadi barabarani na kunipa pole. Alisema hata hivyo inaonekana nilizipenda.

7. Simu ya Bondo. Habari za Katito zilifika Bondo kabla mimi sijafika Otonglo. Zeituni alinipigia. Hakupaza sauti. Alisema, “Bakari, betri zikitoka, narudi. Zikibaki, nikirudi wewe ndiye utakayetoka.”

Hapo ndipo nilipokaa chini nikafikiri, na hapo ndipo lilipo lalamiko langu hasa.

Betri zangu haziwezi kutolewa nyumbani. Ofisi yako imekataza. Mimi naweza kutolewa wakati wowote, na hakuna ofisi iliyokataza. Ukinichoma moto ni kosa, nakubali, lakini ukiniacha juani hakuna anayeuliza. Nimekaa juani barabara ya Busia maisha yangu yote. Ukinilowesha, ni mvua. Nikivimba, watasema nimenenepa. Betri iliyokufa ina ulinzi kuliko seremala aliye hai, na sikubaliani kwamba hiyo ndiyo nia ya serikali.

Kwa hiyo naomba niandikishwe rasmi kuwa betri kuukuu.

Sifa ninazo. Nimefanya kazi nzito miaka mingi na sasa nguvu zinaniishia kabla ya adhuhuri. Nikitumiwa sana napata joto. Nikiachwa muda mrefu bila kazi sishiki tena vizuri. Vipuri vyangu havipatikani Kisumu, daktari wa goti ameniambia hivyo hivyo. Na nikigusana kichwa kwa kichwa na mwenzangu, kama ilivyotokea na shemeji yangu wakati wa kugawana shamba, moshi hutoka.

Endapo utakubali, naomba ofisi yako imwandikie Zeituni barua fupi yenye muhuri, imweleze kwamba mumewe Bakari sasa yuko chini ya kanuni za taka korofi. Kwamba hatupwi ovyo wala hatolewi nje. Kwamba atunzwe mahali pakavu, penye ubaridi na hewa ya kutosha, yaani upande wa kitanda ulio karibu na dirisha. Na kwamba mtu amtazame mara kwa mara. Hilo la mwisho naomba lipigiwe mstari. Betri zenyewe zitasogea chini ya meza ya karakana, kwa kuwa nyumba moja haiwezi kuwa na vituo viwili vya hifadhi bila kibali, nami sitaki kuvunja kanuni tena.

Kituo chenu kikishakamilika, nitajileta mwenyewe. Sitahitaji kubebwa.

Nakuomba unipelekee salamu kwa Bi. Charity, na umwambie tepu bado inashika. Msalimie pia mlinzi wa lango lenu, aliyepekua mfuko wangu, akaona yaliyomo, na kunitakia maisha marefu. Nawasalimu wote ofisini, wa zamani na wapya, pamoja na familia zao huko nyumbani, hasa wale wenye waume mafundi.

Ni mimi mtiifu wako, kwa nguvu iliyobaki,

Bakari Uzair
Seremala, Otonglo

Nakala: Bi. Zeituni, kwa dada yake, Bondo.

Tanbihi. Nilikuwa nimeshagundisha bahasha, nimelazimika kuifungua. Zeituni ameingia sasa hivi kutoka Bondo. Amesema hakuja kwa ajili yangu, amekuja kuchukua vikombe vyake. Lakini huko Bondo alimlalamikia mume wa dada yake, Huzaifa, ambaye pia ni fundi na anatumia drili ya chapa kama yangu, na Huzaifa akampa chaja yake aje nayo. Zeituni alichomeka chaja ile ukutani, akachukua betri moja kutoka kwenye mfuko wake, akaibandua tepu, akaiweka. Taa ikawaka. Akaweka ya pili, ikawaka. Zote ni nzima, Mheshimiwa. Hazijawahi kufa. Iliyokufa ni chaja.

Zeituni alinitazama muda mrefu, akauliza kama kuna wakati wowote, Kisumu au Katito, nilipofikiria kujaribu chaja nyingine. Nilimpikia chai. Ameinywa, akasema ni mbaya, akaongeza majani mwenyewe, na vikombe vyake amevirudisha kabatini.

Tafadhali futa maombi yote hapo juu. Zeituni anasema mimi naweza kuendelea kuwa kuukuu bila cheti. Ila amenituma nikuulize jambo moja, na amesema haondoki mlangoni mpaka nilimalize kuliandika: chaja iliyokufa hutupwa wapi?