Barakoa ya Tufani

Asali alisimama mlangoni kwa kinyozi kwa sababu kokoto lilikuwa limemwingia tena kiatuni kupitia tundu la soli. Ndani, kinyozi na mwenye bucha walikuwa katika ubishi wao wa kila siku: nani mwanamke bora kuliko wote waliowahi kupigana mieleka. Kinyozi alishikilia Chui Jike, aliyembeba mpinzani begani akazunguka naye mpaka mashabiki wakaona kizunguzungu. Mwenye bucha alisema huyo si lolote kwa Mama Radi, aliyevunjwa mbavu mbili na bado akaondoka na mkanda. Mteja aliyenyolewa nusu kichwa alisubiri kwa adabu.

Asali akaiona baiskeli ya mwenye bucha pale ukutani, nyeusi, inang'aa. Akaipenda papo hapo.

Kesho yake alirudi na bahasha. Akawaambia, kwa huruma kabisa, kwamba wanagombea nafasi ya pili. Bora wa wote alikuwa Tufani, hakuwahi kushindwa, na sura yake haikuwahi kuonekana. Jina hilo alilibuni asubuhi ile akipiga mswaki.

"Mbona hatujamsikia?" akauliza mwenye bucha.

"Wanaomjua hawasemi ovyo, kaka."

Akatoa barakoa nyekundu. Mabwana wale wakaanza kuona foleni ya watu watakaolipa kuitazama. Hazikupita dakika ishirini, saa ya mkononi ya kinyozi na baiskeli ya mwenye bucha zikawa mali ya Asali, na barakoa ikapangiwa makazi: miezi sita kinyozini, miezi sita buchani.

Asali alikwishashika usukani wa baiskeli pale kinyozi alipoivaa barakoa na kulalamika kwamba kuna kitu kinamkwaruza shingo. Akaigeuza. Ndani palikuwa na lebo: *Mama Mapacha, Fundi Cherehani. Tunashona pia sare za shule.*

Duka la fundi lilikuwa mlango wa pili. Akaitwa, akaja na utepe wa kupimia shingoni.

"Mama, hii ni barakoa ya Tufani, bingwa wa mieleka," kinyozi akasema. "Jina lako linatafuta nini humu?"

Fundi akamtazama Asali. Jana mtu huyu alimlilia kwamba barakoa ni ya mchezo wa shule wa binti wa marehemu dada yake, naye akaishona bure, akaweka kando kazi za watu. Ilimuuma sana.

"Ningempa nani anishonee, ilhali sikutaka kujulikana?" akasema taratibu. "Tufani ni mimi. Barakoa yangu iliibwa."

Asali akapiga hesabu haraka. Kusema hakuna Tufani ni kujikamatisha mwenyewe. Akisema si huyu, ataulizwa sura ya Tufani aliiona wapi.

"Shikamoo, bingwa," akasema, akinyoosha mkono. "Niliiokota. Nilikuwa namtafuta mwenyewe."

Fundi akaupokea mkono wake akausokota kidogo tu, mpaka saa ikamtoka mfukoni ikarudi kwa kinyozi. Mwenye bucha, machozi yakimlengalenga, akakataa kabisa kurudishiwa baiskeli. Bingwa wa namna ile atabebaje mafurushi ya sare kichwani?

Fundi akaondoka nayo akipiga kengele, mtaa mzima ukishangilia.

"Haya, sema kweli," kinyozi akamwambia Asali. "Bora wa wote ni nani?"

Asali akavua kiatu, akakung'uta kokoto.

"Tufani," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anadanganya.