Mimi, Mama Mkwe na Miwani Mia Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimezaliwa upya. Mimi si mtu wa fotokopi tena. Yaani, fotokopi bado natoa, maana bosi hajaambiwa, lakini moyoni nimeshahama. Mimi ni Balozi wa Biashara Ndogo na Misaada. Nimeandika hivyo kwenye simu, chini ya picha yangu. Kwenye picha nimevaa tai.

Wazo lilinijia nikisubiri mashine ipoe. Mtaa wetu umejaa watu wenye kazi nzuri zisizojulikana na mtu. Mimi nina simu. Kila siku nitamweka mmoja wao kwenye stori: picha, maneno machache, muziki. Inakaa siku nzima, halafu inapotea yenyewe. Watu wataona. Watamiminika. Bure kabisa! Sitaki hata asante. Nikipewa nitaipokea, lakini sitaiomba.

Nimemweleza mke wangu akiwa anakunja nguo. Akauliza stori zangu zinatazamwa na watu wangapi. Nikamwambia idadi si hoja. Akauliza tena. Thelathini na wanane. Akasema kumi na watatu kati yao ni ndugu zake, na wanatazama kwa adabu tu.

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya mto. Yuko kwetu wiki ya tatu sasa, anatibiwa goti. Akasema naye siku hizi anaweka stori. Nikatabasamu kwa heshima. Anaweka nini, jamani? Goti?

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na fundi viatu aliye mkabala na duka letu. Mzee mpole, mkono wa dhahabu. Kibanda kimejaa viatu vya watu hadi kwenye paa. Nikamwambia nataka kumtangaza. Akauliza kama itamletea watu. Nikamwambia ajiandae, wataziba barabara.

Nimempiga picha akiwa ameinama juu ya kiatu. Sura imetulia, macho chini. Rangi nimeondoa, nimebakiza nyeusi na nyeupe, ili iwe na hadhi. Muziki nimechagua wa zumari, wa polepole, unaoingia moyoni. Kisha maneno. Nimeyafikiria saa nzima, wateja wa fotokopi wakikohoa mlangoni:

FUNDI WETU
1989 – 2025
Asante kwa yote.

Yaani alianza kazi mwaka 1989 na bado yupo hadi leo. Fupi. Nzito. Nimeirusha saa saba mchana. Nimejisikia kama nimejenga daraja.

Jumatano, 5 Machi

WATU WAMEKUJA!

Saa mbili asubuhi tayari walikuwa zaidi ya ishirini mbele ya kibanda. Nikatoka dukani kifua mbele. Nikashangaa kidogo kuona akina mama wawili wanalia.

Kumbe, eti, maneno yangu yalieleweka vibaya. Watu wamedhani fundi amefariki. Shemeji yangu mmoja, kati ya wale kumi na watatu, aliisambaza kwa masikitiko makubwa kwenye kundi la ukoo, ukoo nao ukaipeleka mtaani. Wengine walikuja kutoa pole. Wengi walikuja kuchukua viatu vyao kabla warithi hawajafunga kibanda.

Fundi akatokea saa mbili na nusu na kopo lake la gundi. Mama mmoja alipiga kelele akakimbia na kiatu kimoja. Fundi akajitetea kuwa yu hai. Mwanamume fulani akamwambia hata kama yu hai, yeye anataka raba zake, maana hapendi mikosi. Ilipofika saa nne kibanda kilikuwa kitupu. Zimebaki kandambili mbili, zote za kushoto.

Fundi amevuka barabara akaja kusimama mbele ya meza yangu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akaniambia, “Mwanangu, kazi ya mwezi mzima imeondoka asubuhi moja.” Akarudi kukaa kwenye kibanda chake, mikono mapajani. Sikuweza kula mchana.

Hata hivyo, kitaalamu, niliahidi watu na watu wamekuja. Hilo liandikwe.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe amenizunguka.

Jana jioni, bila kuniaga, alijikongoja na goti lake hadi kwa fundi, akampa ndala yake iliyokatika kamba. Akamrekodi. Hakuna muziki. Hakuna hadhi. Kidole chake chenyewe kinaonekana pembeni. Anasikika akisema, “Jamani, huyu hapa fundi, mzima wa afya, anashona ndala yangu. Mliochukua viatu, rudisheni, mnamtia aibu mtu mzima.” Basi. Kisha simu inaangalia mawingu kwa muda mrefu, maana hajui kuizima.

Watazamaji: mia sita na kumi na wawili!

Nimeuliza wametoka wapi. Mke wangu akanihesabia: kundi la kwaya, kundi la kliniki ya goti, kundi la akina mama waliosoma naye, kundi la wauza mboga, na kundi ambalo aliingizwa kwa makosa akakaa, na sasa ndiye kiongozi wake. Leo asubuhi viatu vimerudi. Vimekuja na vingine. Fundi amening'iniza buti hata nje. Mama mkwe alipopita, aliinuka kumsalimu. Mimi nilipopita alianza kutafuta msumari ambao haukupotea.

Sina kinyongo. Msingi niliuweka mimi.

Saa sita akaja dukani Mwalimu. Ni mama mstaafu, alifundisha nusu ya mtaa huu kusoma, na sasa anakusanya miwani kuukuu kwa ajili ya wasioweza kununua. Alitaka fotokopi ya tangazo. Akanieleza kuwa daktari wa macho anakuja Jumamosi na mashine yake ya kupimia, na alikubali kwa sharti moja, miwani isipungue mia mbili, la sivyo safari anaipeleka mji mwingine. Mwalimu ana sitini na nne. Na ana orodha ya watu wanaosubiri. Akanisomea wachache: baba anayepeleka dawa zake kwa jirani ili asomewe, bibi ambaye hajavuka barabara peke yake mwaka wa pili sasa. Akakunja karatasi taratibu, akauliza kama mimi ndiye mkwe wa yule mama wa stori.

Nikamwambia mimi ndiye mkuu wa idara hiyo. Kwa nini aende kwa fundi mchundo wakati injinia yupo? Akanitazama kwa jicho lile lile alilonitazamia darasa la nne. Lakini muda hana. Akakubali.

Jioni nimejifungia bafuni kufanya utafiti. Balozi mzuri humsoma mpinzani wake. Nimejifunga taulo kichwani, nikajirekodi nikichechemea kama mama mkwe na kuongea kama yeye: “Wanangu, hamjambo? Mimi mama yenu. Goti langu linawasalimu.” Nimeitazama mara nne. Nimefanana naye vibaya mno. Ni kwa matumizi ya ofisi tu. Nitaifuta kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwa kubahatisha. Mistari ikipandana, nisamehewe.

Mpango ulikuwa safi. Nitatembea mtaani nikiwa nimefungwa kitambaa machoni, nikijirekodi, ili watu waone maisha bila miwani yalivyo magumu. Kitambaa nilikifunga juu ya miwani yangu, nisije nikaipoteza. Akili hiyo!

Hatua tisa zilikwenda vizuri. Ya kumi niliingia kwenye mlango wa kioo wa kinyozi. Kinyozi anasema alikuwa ndio kwanza amemaliza kuupangusa. Mlango mzima. Pua nzima. Miwani, vioo vyote viwili, chini. Simu ikaruka, ikadakwa na mteja mwenye povu shavuni.

Bila miwani mimi naona dunia kama supu. Lakini kazi haingoji. Nikarudi dukani, nikapapasa simu, nikachagua video ya mwisho, nikaituma kwenye stori. Maneno nilikuwa nimeyaandika mapema: HIVI NDIVYO WANAVYOTESEKA. SAIDIA LEO.

Simu ikaanza kutetemeka. Haikunyamaza. Ikatembea yenyewe mezani hadi ikaanguka. Nikamwomba mteja aliyeleta cheti cha kuzaliwa anisomee idadi ya watazamaji. Akasema elfu moja na mia nne. Elfu moja na mia nne! Nikamshika mikono, nikacheza naye. Alipopata nafasi ya kuongea akaniuliza huyu aliyevaa taulo ni kaka yangu?

Nikaacha kucheza.

Kumbe video ya mlango haikuhifadhiwa, maana simu iliruka kabla sijaizima. Ya mwisho ilikuwa ile ya bafuni. Nikajaribu kuifuta. Sioni kitufe. Nikabonyeza, nikabonyeza. Baadaye mke wangu alinieleza kuwa ndugu zake walikuwa wameshaisambaza, na kwamba sikuifuta, nilimtumia bosi, daktari wa meno na kundi la ukoo.

Nilirudi nyumbani kwa kufuata ukuta. Mke wangu kafungua mlango, hakusema neno. Miaka kumi na moja ya ndoa, hiyo ndiyo mara ya kwanza. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi. Nikapiga magoti mbele yake, nikaanza kuomba radhi. Nikaongea muda mrefu, kwa uchungu. Sauti yake ikatoka upande mwingine. Nilikuwa naomba radhi kwa mto.

Akaniita karibu. Akasema, “Baba, goti linaloniuma ni la kushoto. Wewe umechechemea kulia.” Halafu nikasikia kitu kama birika linachemka. Ni yeye, anacheka. Akacheka hadi mke wangu akaleta maji. Akaniomba nimfanyie tena, na safari hii mguu wa kushoto. Nikamfanyia. Ningefanya nini?

Halafu akachukua simu yake. Akaiweka video yangu kwenye stori yake, na maneno yake juu: “Huyu ni mkwe wangu. Amevunja miwani, haoni anachotuma. Kama una miwani ya zamani ndani, mpelekee Mwalimu leo, aibu hii isimkute mwingine.”

Saa kumi na moja Mwalimu akapiga simu. Foleni mlangoni kwake. Watu wanaleta miwani kwa mifuko, na kila mmoja anauliza kama mwenye taulo yupo.

Jumamosi, 8 Machi

Miwani mia mbili thelathini na moja. Daktari amekuja.

Ukumbi ulijaa tangu saa moja. Mwalimu alipanga watu kwa mstari kama asubuhi ya shule, na hakuna aliyethubutu kuchomekea. Mimi nilikuja kama Balozi, tai shingoni, nikaelekea mbele kumsalimia daktari. Nikamsalimia pazia. Mwalimu akanishika kiwiko, akanipa namba yangu: themanini na sita.

Mbele yangu alikuwa yule bibi wa barabara, ameletwa na mumewe. Daktari akamjaribishia ya kwanza, ya pili, ya tano. Ya sita bibi hakuivua. Akatazama viganja vyake, mbele na nyuma. Akageuka, akamtazama mumewe kuanzia juu hadi chini.

“Kumbe umezeeka hivi,” akasema.

Mzee akasema yeye kazeeka taratibu, ila bibi hakuwa anafuatilia. Bibi akamsawazishia kola. Halafu hakuiachia. Akabaki ameishika, anamtazama tu. Mimi machozi yalinitoka. Ni vumbi. Ukumbi ule haufagiwi.

Namba themanini na sita nikapimwa. Daktari akasema macho yangu ni magumu, yanaendana na miwani moja tu kati ya zote zilizobaki. Fremu ni ya waridi. Ina pembe kama kipepeo na mawe yanayometameta. Nikaomba atazame tena. Akatazama tena. Nimeivaa. Naona kila kitu, na kila kitu kinanicheka.

Wakati wa kuondoka watu walimzunguka mama mkwe kama bibi harusi. Mwalimu alinifuata mlangoni akanishukuru. Kwa ubunifu wangu? Kwa moyo wangu? Hapana. Kanishukuru kwa kujigonga. Akasema sijawahi kuelewa somo hata moja kwake, lakini leo nimewafaa watu. Kwa kitambo kidogo nilijisikia mtu mwema, mwema kweli, bila hata kutaka mtu ajue. Hali ya ajabu. Ilipita nilipofika nje.

Jumapili, 9 Machi

Nimekaa kutathmini wiki, kwa utulivu, kama wafanyavyo viongozi.

Fundi viatu: kazi zimezidi. Mlango wa kinyozi: haujawahi kujulikana hivi. Mwalimu: kavuka lengo. Nani alianzisha yote? Mimi. Mama mkwe alisambaza tu. Nimemweleza hivyo kwa upole wakati wa chai, nikamshauri akitaka nitamfundisha mambo ya muziki na rangi. Akasema asante baba, akaomba nimsogezee mto.

Mke wangu amependekeza nipumzike na stori. Mwaka mmoja, kasema, kwa kuanzia. Nimemwambia nitalifikiria.

Nilikuwa nalifikiria kweli, hodi ikapigwa. Ni mama mmoja na baba mmoja wa Kikundi cha Wachangia Damu. Wanamtafuta mama mkwe. Kesho wanatoa damu kwenye uwanja wa shule na wanaogopa watu hawatajitokeza. Mama mkwe alikuwa amelala. Nikawakaribisha. Nikawaambia wamefika kwa mhusika.

Hapa watu wanahitaji kuguswa. Waione damu yenyewe! Kesho alfajiri nitalala katikati ya barabara, pale sokoni, macho nimefumba, simu nimeiegesha kwenye tofali. Sitamwambia mtu, ili kila kitu kiwe cha asili. Maneno nimeshayaandika: AMETUTOKA KWA KUKOSA DAMU. Zumari lipo.

Mke wangu yuko jikoni, anauliza chupa mbili za sosi ya nyanya zimekwenda wapi. Nimemwambia atulie, ataziona.